Majani Marefu, Mawe na Mteremko

Magharibi mwa jimbo la Victoria, kusini mwa Australia, ardhi inazaa mawe. Volkano zilizozimika zamani zilimwaga lava juu ya uwanda mpana, na lava hiyo ilipopoa na kupasuka ikaacha mawe meusi ya kila ukubwa. Walowezi wa karne ya 19 waliyaokota wakajengea kuta za mipaka bila saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, na nyingi kati ya kuta hizo zimesimama hadi leo. Mtu angedhani baada ya kazi hiyo mawe yamekwisha. Hayakwisha. Yamejificha chini ya majani, na anayeyagundua mara nyingi ni kisu cha mashine ya kukatia nyasi.

Mvua za huko hunyesha majira ya baridi na kuendelea hadi majani yanapochipua kwa fujo. Kufikia Novemba, malisho yasiyoliwa na mifugo yanaweza kumfika mtu kiunoni. Kufikia Januari yamekauka kabisa. Kwa hiyo kukata nyasi katika vijiji vya Victoria si urembo. Halmashauri zina maofisa wa kuzuia moto wanaokagua viwanja, na mwenye ardhi aliyeacha majani yakarefuka hupelekewa notisi ya kumtaka ayakate kabla ya tarehe iliyotajwa. Akipuuza, hutozwa faini. Ndiyo maana familia inayohama Melbourne na kununua hekta 2 au 4 kijijini, ikishamaliza kupanga vyombo ndani ya nyumba, safari yake ya kwanza ya maana huwa ni ya kwenda kununua mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia.

Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Kitu cha kwanza anachokiona mnunuzi dukani ni kibandiko ubavuni mwa boneti: nguvu za farasi 20, 22, 24. Cha pili ni upana wa mkato: inchi 42, 46, 54. Namba hizo mbili ndizo zinazouza mashine, na kwa shamba lenye mawe, visiki na miteremko, ndizo zenye uzito mdogo kuliko zote. Kinachoamua ni aina ya kisu, unene wa chuma, uwezo wa giaboksi na jinsi mashine inavyosimama kwenye mteremko. Katika hivyo vinne, hakuna hata kimoja kinachoandikwa kwa herufi kubwa.

Kuhusu nguvu za farasi, kuna kisa cha mahakamani. Nchini Marekani wanunuzi walifungua kesi ya pamoja dhidi ya kampuni kadhaa zinazotengeneza injini na mashine za kukatia nyasi, wakidai kwamba namba za nguvu zilizoandikwa kwenye vibandiko zilikuwa zimetiwa chumvi. Mwaka 2010, mbele ya mahakama ya Milwaukee, kampuni hizo zilikubali kulipa dola milioni 65 kumaliza shauri, bila kukiri kosa. Tangu wakati huo watengenezaji wengi wameacha kutangaza nguvu za farasi kwenye injini hizi na badala yake hutaja ujazo wa silinda au nguvu ya msokoto. Bado mnunuzi akiingia dukani swali lake la kwanza ni lilelile.

Udhaifu wa mashine hizi mbele ya mawe umo katika ukoo wake. Mwaka 1830, karibu na mji wa Stroud katika Gloucestershire, Uingereza, mhandisi Edwin Beard Budding alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi. Wazo alilitoa katika viwanda vya nguo vya eneo lake, ambako rola yenye visu ilitumika kupunguza manyoya ya kitambaa cha sufu ili uso wake uwe laini. Budding aliona kwamba kinachoweza kunyoa sufu kinaweza kunyoa bustani. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuzitengeneza mwaka 1832. Mashine za rola bado zipo, na ndizo zinazokata nyasi fupi kuzunguka mashimo ya viwanja vya gofu vya Nairobi. Kisu kinachozunguka hukutana na kisu kilichotulia, jani likakatwa katikati yao. Mkato wake ni safi mno. Kokoto moja tu inatosha kuharibu ukingo wa visu vyote.

Kisu cha pangaboi, kinachozunguka kwa kasi na kulipiga jani hewani, kilikuja kuenea baadaye, injini ndogo za petroli zilipokuwa nyepesi na za bei nafuu. Australia ina shujaa wake katika hadithi hiyo: Mervyn Victor Richardson, aliyetengeneza mashine yake mwaka 1952 huko Concord, kitongoji cha Sydney, kwa vyuma chakavu na kopo la pichi lililogeuzwa kuwa tangi la petroli. Kampuni yake, Victa, ikawa jina la kila nyumba. Miaka 11 baadaye, huko Wisconsin, Marekani, John Deere ilitoa trekta yake ya kwanza ya bustani, Model 110. Injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 7, na ilitosha.

Mashine ya kukalia inayouzwa leo katika maduka makubwa ni mjukuu wa wazee hao. Ilibuniwa kwa ajili ya uwanja wa nyuma ya nyumba, uliosawazishwa, wenye nyasi zinazokatwa kila wiki. Ikipelekwa kwenye malisho yenye mawe, haifanyi kosa lolote inapovunjika.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa mitambo kushindwa na ardhi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, kitovu chake kikiwa Kongwa. Mitambo ilifika kabla udongo haujaeleweka. Baadhi ya matrekta yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa baada ya vita. Mvua ilipokatika udongo ulikauka ukawa mgumu, na mchanga uliokuwa ndani yake ukala majembe ya chuma. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Tofauti ya Kongwa na hekta 3 za Victoria ni ukubwa wa hasara tu.

Hivyo kazi ya kuchagua mashine huanzia shambani, kwa miguu, na wakati mzuri ni pale majani yanapokuwa mafupi. Mwenye shamba hutembea akiwa na vijiti vilivyofungwa vitambaa na kuchomeka kimoja kila penye jiwe, kisiki, shimo au kipande cha seng'enge kilichosahaulika. Waya wa uzio ni adui mbaya kuliko jiwe, kwa kuwa haupigi kelele ya kuonya; unajisokota kwenye ekseli ya kisu na kukata sili ya beringi. Huko Victoria kuna pia mashimo ya wombati, mnyama mfupi mnene wa familia ya wenye mifuko, anayechimba kama mchimba kisima. (Mfuko wake umeelekea nyuma, ili mtoto asifukiwe na udongo mama anapochimba.) Mdomo wa shimo lake unatosha kumeza gurudumu la mbele la mashine na kuipindua.

Baada ya mawe hupimwa mteremko. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kupimia pembe. Simu inalazwa juu ya ubao mrefu ulionyooka, ubao unalazwa ardhini. Namba ya kukumbuka ni nyuzi 15. Hapo ndipo vitabu vingi vya maelekezo vinapoweka kikomo cha mashine za kukalia, na ni mwinuko wa mita 2.7 kwa kila mita 10 za kwenda mbele. Kwa macho hauonekani kuwa mkali. Mtu aliyezaliwa Lushoto au Murang'a angeuita uwanja wa mpira.

Turudi kwenye kisu. Kiwango cha usalama cha Marekani kinaruhusu ncha ya kisu kwenda hadi futi 19,000 kwa dakika, karibu kilomita 350 kwa saa. Katika mashine nyingi za Kimarekani kisu ni bamba moja refu la chuma lililokazwa katikati kwa bolti. Bamba hilo likigonga jiwe lililozikwa, halina pa kwenda. Kishindo chote hupanda kwenye ekseli ya kisu, kwenye beringi, kwenye puli na mkanda. Katika mashine ambazo kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye injini, kishindo hufika hadi kwenye krankshafti, na krankshafti ikipinda injini imekwisha. Waaustralia, ambao mawe yao wanayajua, walipendelea kwa muda mrefu mtindo mwingine: diski inayozunguka, yenye visu vifupi viwili au vinne pembezoni, kila kimoja kikining'inia kwenye bolti yake. Nguvu ya mzunguko hukinyoosha kisu nje. Kikigonga jiwe kinajikunja nyuma, kinapita, kinanyooka tena. Mkato wake si mzuri kama wa bamba, na kisu kinaliwa haraka. Lakini kisu kifupi kinabadilishwa kwa spana moja, tena kwa fedha ndogo.

Kwa ardhi ya mawe, mnunuzi anayepata visu vya kukunja aviache vingine vyote. Hilo halihitaji mjadala mrefu.

Jiwe lina hatari nyingine, cheche. Agosti 2004, katika bonde la Jones karibu na Redding, kaskazini mwa California, mashine ya kukata nyasi ilitumika kwenye majani makavu siku ya joto. Moto uliotokana na kazi hiyo uliunguza ekari zipatazo 10,000 na makumi ya nyumba. Idara ya misitu na zimamoto ya California, CAL FIRE, sasa inawashauri wananchi wakate nyasi kabla ya saa nne asubuhi, na wasikate kabisa siku ya upepo au ya ukavu uliokithiri. Huongeza pia kwamba mashine ya bustani ni ya nyasi mbichi, si ya magugu makavu. Katika vijiji vya Australia mwenye busara hufunga kizimamoto au dumu la maji lenye pampu nyuma ya kiti, na husafisha makapi yaliyojaa kuzunguka ekzosi kila anapojaza petroli. Shamba linaloungua ndilo lile lile lililokuwa likikatwa ili kuzuia moto. Wenyeji wa huko wanakijua kinaya hicho na hukisimulia bila kucheka.

Kava la visu, ile sufuria ya chuma inayofunika visu chini ya mashine, hutengenezwa kwa njia mbili. Ya bei nafuu hufinyangwa kwa bamba moja jembamba chini ya mashine ya kugandamiza. Ya pili hukatwa vipande vya bamba nene vikachomelewa. Unene hutajwa kwa geji, na hapa wanunuzi wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa geji ikiwa ndogo chuma ni kinene: geji 13 ina karibu milimita 2.3, geji 10 ina 3.4. Kava jembamba likigongwa na kisiki hubonyea, likibonyea visu vinaanza kulikwaruza, na fundi anaitwa. Lililochomelewa hukwaruzwa rangi tu. Mnunuzi anaweza kuligonga kwa kifundo cha kidole pale pale dukani na kusikiliza.

Sehemu inayokufa mapema kuliko zote, hata hivyo, haionekani wala haigongwi. Ni giaboksi. Mashine nyingi za kukalia za leo hutumia giaboksi ya mafuta: pampu husukuma mafuta kwenye mota, mota huzungusha magurudumu, dereva anakanyaga pedali tu bila klachi. Ni raha kuendesha. Lakini giaboksi za mashine za bei nafuu ni nyepesi, zimefungwa kiwandani zisifunguliwe, na nyingi hazina hata njia rahisi ya kumwagia mafuta yaliyochoka. Kwenye uwanja tambarare zinaweza kudumu miaka mingi. Zikipandishwa kilima kila Jumamosi kwa saa tatu, zikivuta na tela la kuni, mafuta huchemka na kuwa mepesi kama maji. Dalili huwa ile ile: asubuhi mashine inapanda vizuri, saa sita mchana inasita, na jioni inagoma katikati ya mteremko ilhali injini inanguruma bila shida. Mmiliki hulaumu injini, akanunua plagi na filta, na tatizo linabaki pale pale.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: giaboksi hii inabadilishwa mafuta? Ina filta yake? Imeruhusiwa kuvuta uzito gani? Muuzaji anayejua kazi yake atajibu bila kufungua kitabu. Anayesema giaboksi haihitaji matunzo maisha yake yote, aulizwe maisha hayo ni saa ngapi.

Mteremko unastahili kurudiwa, kwa kuwa mawe huvunja mashine lakini mteremko huua watu. Katika vifo vya waendeshaji wa mashine za kukalia nchini Marekani, kupinduka ndiko kunakotajwa mara kwa mara. Matrekta ya bustani yana uzito mdogo, magurudumu yake yako karibu karibu, na dereva ameketi juu. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya mstari wa magurudumu, hakuna muda wa kuruka. Maelekezo ya kawaida ni kwamba mashine ya kukalia ipande na kushuka, isikate kwa kukingama mteremko. Ile ya kusukuma kwa mikono hufanya kinyume chake, ikatize, ili mtu akiteleza isimwangukie wala yeye asiiangukie.

Aina inayopendwa sana siku hizi ndiyo inayodanganya zaidi. Ni ile ya kugeuka papo hapo, isiyo na usukani bali mikono miwili, kila mkono ukitawala gurudumu moja la nyuma. John Regier aliibuni huko Kansas miaka ya 1960, na Kansas ni tambarare ya kutosha. Mashine hizi huzunguka mti kwa urahisi wa ajabu na hupunguza muda wa kazi kwenye viwanja vipana. Lakini magurudumu yake ya mbele ni ya kufuata tu, yanazunguka yanakoelekezwa. Uelekezaji wote na breki zote ziko nyuma. Kwenye majani yenye umande, magurudumu ya nyuma yakiteleza, dereva anapoteza usukani na breki kwa wakati mmoja, na mashine inaelekea inakotaka mteremko: bwawani, korongoni, au barabarani. Shamba lenye kilima kimoja tu kinachoishia kwenye bwawa halifai kabisa mashine hii, hata kama sehemu nyingine zote ni sawa.

Sweden ilionyesha zamani dawa ya kupinduka. Mwaka 1959 iliamuru kila trekta jipya la shamba liwe na fremu ya kumkinga dereva, na katika miongo iliyofuata vifo vya kupinduka vikapungua mno. Australia nayo, kuanzia Oktoba 2021, inataka pikipiki za magurudumu manne za shambani ziuzwe na kifaa cha kumlinda mwendeshaji. Kwenye mashine za nyasi, upinde wa chuma nyuma ya kiti hupatikana zaidi kwenye zile kubwa za wakandarasi. Penye upinde, mkanda wa usalama hufungwa. Asiyefunga hutupwa nje kisha upinde wenyewe ukamwangukia.

Jambo la watoto huzungumzwa kwa haraka mno madukani, hivyo lisemwe hapa wazi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto asiendeshe mashine ya kukalia kabla ya miaka 16. Hakuna umri wa kupakatwa. Babu anayemzungusha mjukuu juu ya mapaja yake anamfundisha kwamba mashine ile ni kiti cha kuchezea, na siku nyingine mjukuu huyo huikimbilia kutoka nyuma wakati babu anarudi kinyumenyume.

Sasa upana, ile namba ya pili kwenye kibandiko. Hesabu yake ni rahisi. Mashine ya inchi 42 hukata sentimita 107. Ikienda kilomita 6 kwa saa bila kusimama, ingekata mita za mraba 6,400 kwa saa. Ukiondoa mistari inayopandana na kona za kugeuka, zinabaki 5,000 hivi, nusu hekta. Kwa karatasi, inchi 54 zingeongeza zaidi ya robo ya kazi. Lakini hakuna anayekwenda kilomita 6 kwa saa juu ya vichuguu, mgongo haukubali. Mwendo hushuka hadi kilomita 3, na kava pana juu ya ardhi yenye mabonde madogo huparua udongo upande mmoja huku likiruka majani upande wa pili. Tena kuna mageti, na nafasi kati ya miti ya matunda. Kwenye ardhi mbovu, kiti chenye springi nzuri huokoa muda mwingi kuliko inchi 12 za chuma, kwa sababu dereva asiyetikiswa anaweza kwenda haraka. Hilo ni rahisi kulihakikisha kwa mtu yeyote aliyewahi kusafiri kwenye siti ya nyuma kabisa ya basi la vijijini.

Matairi yasisahaulike. Mbigili, mmea ule ule unaotoboa ndala na matairi ya baiskeli Dodoma, umeenea pia katika sehemu kavu za Australia, na mbegu yake yenye miiba hutoboa tairi jembamba la mashine ya bustani bila kuchelewa. Wenyeji hujaza matairi utomvu wa kuziba pancha kabla hata mashine haijaanza kazi. Tairi la michirizi mikubwa kama ya trekta hushika vizuri kwenye mteremko, ingawa hukwangua nyasi laini mbele ya nyumba. Kwa shamba, nyasi laini zivumilie.

Nini basi kinunuliwe? Sehemu kubwa ya wenye hekta 3 au 4 za ardhi mbovu wangefaidika kwa kukubali kwamba wana mashamba mawili ndani ya uzio mmoja. Kuna nusu hekta inayozunguka nyumba, iliyosafishwa mawe, ambayo hukatwa kila wiki mbili. Na kuna malisho yanayobaki, ambayo hukatwa mara moja au mbili kwa mwaka kabla ya msimu wa moto. Kwa nusu hekta ile, mashine ndogo ya kukalia yenye kava imara na visu vya kukunja inatosha. Kwa malisho, huitwa mkandarasi mwenye trekta na fyekeo la kuvutwa, ambalo visu vyake vizito vimening'inia chini ya sahani ya chuma inayoteleza juu ya visiki. Saa chache zake kwa mwaka ni nafuu kuliko mashine kubwa inayolala ghalani miezi 10. Wengine huweka kondoo, nao hawahitaji petroli, ingawa wanahitaji uzio, maji na mtu wa kuwakata manyoya.

Anayetaka kufanya kazi yote mwenyewe ana njia mbili za kweli. Ya kwanza ni trekta ndogo ya dizeli, kama zile za Kubota, yenye shafti ya nguvu nyuma ya kufungia fyekeo, na ambayo msimu mwingine itabeba samadi au kuchimba mashimo ya nguzo. Ni nzito, kwa hiyo hupita vibaya penye unyevu, na bei yake huwashtua wengi. Ya pili ni mashine zilizobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya vichaka na miteremko. Kampuni ya AS-Motor ya Ujerumani inatengeneza ya kukalia iitwayo Sherpa, na Canycom ya Japani ina zake, zilizofungwa chini chini ili kitovu cha uzito kiwe karibu na ardhi; baadhi yake husukumwa na magurudumu yote manne. Katikati ya njia hizo mbili kuna mashine za Husqvarna, kampuni ya Sweden iliyoanza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, ambazo kava la visu liko mbele ya dereva. Kava la mbele huingia chini ya matawi na seng'enge, na jiwe linaonekana kabla halijagongwa. Zenye magurudumu manne ya kusukuma ndizo za kuangalia.

Mashine za betri zimekuwa nzuri, tena kimya, na California imeshaanza kuzifungia milango injini ndogo mpya za petroli. Kwa bustani hazina shida. Majani mazito yaliyofika kiunoni hunyonya betri kwa kasi ambayo kibandiko hakiisemi, na chaji kwenye kona ya mbali ya shamba haipo.

Kuhusu mtumba, umri peke yake si kigezo. Mwaka 1994 Alvin Straight, mzee wa miaka 73 asiyeweza tena kupata leseni ya gari, aliondoka Laurens, Iowa, kwenda kumwona kaka yake mgonjwa huko Wisconsin. Alisafiri maili 240 kwa wiki sita, amekaa juu ya mashine ya kukatia nyasi ya John Deere ya mwaka 1966 inayovuta tela. David Lynch aliifanya safari hiyo filamu mwaka 1999. Mashine ya enzi zile ilikuwa na chuma kingi na giaboksi inayofunguliwa. Mnunuzi wa mtumba wa leo aombe injini iwe baridi anapofika, maana muuzaji anayeipasha moto mapema huenda anaficha shida ya kuwaka. Atazame chini ya kava kama limewahi kuchomelewa, atikise kila kisu kwa mkono ili asikie ulegevu wa beringi, na achomoe filta ya hewa. Vumbi lililopita filta limeshaingia kwenye silinda. Kisha aipandishe kilimani kwa dakika 20 bila kupumzika, ili giaboksi ipate moto.

Jaribio hilo la kilima linafaa hata kwa mashine mpya. Wauzaji wa vijijini, wale wenye karakana nyuma ya duka na rafu iliyojaa mikanda na visu, mara nyingi hukubali kuipakia mashine kwenye tela na kuileta shambani. Iletwe Novemba, majani yakiwa marefu, na ianzie kona mbaya kuliko zote, penye vijiti vyenye vitambaa. Wakati muuzaji anaishusha kwenye tela, aulizwe mkanda wa kava unauzwa shilingi au dola ngapi, na kama anao mmoja dukani leo.